Kulala Mahali Pasipo na Mtandao

Asubuhi ile hakuna aliyetuambia tunakwenda wapi. Baba wa nyumba alitoka nje na kikombe cha kahawa mkononi, akatazama anga la Muaither, mtaa wetu wa Doha, lililokuwa jeupe tayari kwa joto, akaniambia nipakie mazulia, mtungi mdogo wa gesi, mito na sanduku la barafu. Nikamwuliza ni safari ya siku ngapi. Akajibu, "Mpaka tukute mvua."

Nilikuwa dereva wa nyumba hiyo mwaka wa pili, na nilishasikia habari za mvua hiyo. Kusini kabisa ya Omani kuna mji wa Salalah, ambako manyunyu huanguka miezi ileile Ghuba yote inapoungua. Watu hufunga nyumba, hupanda magari, huvuka nchi mbili ili wakasimame kwenye ukungu na kulowa. Mimi nimezaliwa karibu na Kitale, ambako mvua ilikuwa kitu cha kukimbiwa, na jambo hilo lilinichekesha sana. Lakini sikulalamika. Shule niliiacha darasa la saba nikapanda lori la mahindi, kwa sababu tu nilitaka kuona barabara ya kwetu ilikoishia. Haikuishia. Niliishi mpakani, nikaishi bandarini, nikalinda lango kule Pearl, kisiwa cha matajiri cha Doha, na mtu akiniambia nipakie bila kusema tunakoenda, moyo wangu hufurahi kabla ya akili kuuliza.

Furaha hiyo ilinitoka nilipoingia jikoni kuchukua birika. Mwenzangu wa kazi, yaya wa nyumba ile, alikuwa amesimama mbele ya sinki na maji yanatiririka bure.

"Ni leo," akasema.

Nilijua maana yake. Alikuwa mtu wa Kakamega, na nyumbani alikuwa na binti wa miaka sita mwenye tundu kwenye moyo. Siku hiyo ndiyo mtoto angefanyiwa upasuaji katika hospitali kubwa, akisimamiwa na mama yake mdogo, yaani mdogo wa huyu mwenzangu. Katika nyumba ile tuliyofanyia kazi, mimi peke yangu ndiye niliyejua kwamba mtoto huyo yuko duniani. Wakala aliyempeleka Doha alimfundisha aseme hana mtoto, kwani waajiri, kwa maneno ya wakala, hawamtaki mwanamke ambaye nusu yake imebaki kwingine. Akasema hivyo alipoulizwa, na ilikuwa imeshapita miaka miwili. Kwetu mwanamke mwenye mtoto huitwa kwa jina la mtoto wake. Mimi nilimwita dada, hata tukiwa wawili, ili ulimi usije ukanizoea vibaya.

Alikuwa amepanga kila kitu. Jioni angetoka kumwaga takataka, angejificha nyuma ya ukuta na kupiga simu. Hakupanga safari. Nilibeba birika nikatoka.

Tuliondoka watu wanane katika gari moja: Baba na mimi mbele, tukipokezana usukani, nyuma yetu Madam, yaani mke wake, na mama mzazi wa Baba, na nyuma kabisa watoto watatu pamoja na dada. Tukafika Abu Samra, mpaka wa kuingia Saudia, jua likiwa kali, tukapanga foleni. Hapo ndipo simu ya dada ilipotetemeka. Zamani zile tulikuwa na simu za vitufe, zile za tochi, na niliona kwenye kioo cha gari jinsi alivyoiinamia kana kwamba anamfunga mtoto kiatu. Tuliposhuka kunyoosha miguu alinionyesha. Ujumbe wa mdogo wake ulikuwa mfupi: "Wameshamchukua. Omba."

Kisha tukavuka. Laini zetu zilikuwa za kukwangua vocha, na hazikuvuka nasi. Upande wa pili simu yangu iliandika kwamba hakuna huduma, na ikabaki kuandika hivyo hadi mwisho wa safari.

Sasa lazima niseme jinsi familia ile ilivyolala safarini, maana ndiyo iliyotufunga. Baba alikuwa na uwezo wa kulipa hoteli yoyote njiani. Lakini safari za familia ziliongozwa na mama yake, na mama yake alizaliwa hemani. Kila mwaka, waliniambia, mtoto wake alijaribu kumshawishi alale kitandani, na kila mwaka jibu lilikuwa lilelile. "Nilipe kodi ya kulala? Kwani ardhi imekwisha?" Alisema hivyo huku akicheka, na watoto walilirudia neno hilo nyuma ya gari kama wimbo.

Jua lilipoanza kulegea bibi huyo aliketi mbele kidogo kwenye kiti na kutazama nje. Hakuna aliyezungumza naye wakati huo. Tulipita vituo vya mafuta vyenye taa, maduka na misikiti, navyo alivikataa kwa kidole kimoja: huko kuna malori, kuna macho ya wanaume, kuna kelele. Alitaka mahali ambapo barabara inaonekana lakini haisikiki. Akipaona, alisema neno moja, nami nikatoa gari kwenye lami. Alishuka peke yake, akaokota mchanga, akauachia kutoka kwenye ngumi, akautazama unakoelekea. Kisha aliniamrisha kwa mkono niliweke gari upande, liwe ukuta wa upepo. Zulia la familia lilitandikwa upande wa kinga. Langu lilikaa upande wa pili, uso ukielekea barabara, kwa sababu dereva hulala kati ya wanawake na njia.

Ilikuwa kazi nzuri, na siku nyingine ningemwuliza maswali mpaka achoke. Usiku ule wa kwanza, kwenye tambarare ya Emirati, nilichokiona ni kwamba mwanamke yule alikuwa na kipaji cha kuchagua, katika nchi nzima, mahali ambapo hata simu ya Baba ilikosa alama.

Nilijaribu. Wakati tunapika wali, nilimwambia Baba kwamba ningependa kusikia sauti ya mama yangu. Akainua simu yake juu, akaizungusha, akacheka. "Tukifika," akasema. "Tukifika utaongea naye mpaka akuchoke." Alisema kwa upole, na ndiyo maana sikuweza kuendelea. Mtu mkali unaweza kumkasirikia.

Dada aliosha sufuria, akawalaza watoto, akaketi pembeni ya zulia. Nilipita karibu yake kuchukua jagi. Hatukuwa na ruhusa ya kuketi pamoja kupiga soga, basi maneno yetu yalipita hivyo, tukiwa na vyombo mikononi.

"Hivi wakimaliza, mtoto huamka siku hiyohiyo?" akaniuliza.

"Sijui, dada."

"Wewe hujui? Wewe unayejua hata ngamia hunywa maji kiasi gani?"

Nilimwambia kwamba ngamia niliwauliza wenyewe. Alicheka kidogo, kisha akaufunika mdomo kwa kanga kama aliyejikuta anacheka matangani.

Siku ya pili tuliingia Omani. Mchana tulisimama kwenye kituo cha mafuta, familia ikaenda msikitini kuswali na watoto wakapewa ruhusa ya aiskrimu. Dada aliachwa bombani kuosha chupa za chai. Nikaona lori la mabomba limeegeshwa kivulini, na dereva wake, Mpakistani mwenye ndevu za hina, ameketi kwenye ngazi ya mlango akila embe. Nilimwendea. Sote wawili tuliongea Kiarabu kile cha kuvunjavunja ambacho wafanyakazi wa Ghuba hujengea maisha yao yote. Nikamwambia kuna mama pale, mtoto wake hospitali, simu hakuna. Hakuniuliza la pili. Akapangusa mkono kwenye shati, akatoa simu.

Nilimpelekea dada. Alibonyeza namba kwa kichwa, akaiweka sikioni. Niliisikia ikiita. Ikaita tena. Ndipo akaikata.

Nilimtazama. Naye akaitazama simu kiganjani mwake, kisha akaniangalia kwa uso ambao bado ninauona.

"Nimeflashi," akasema.

Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa. Maisha yetu yote tumeishi hivyo: unaita mara mbili, unakata, na mwenye salio anakupigia. Tuliwaflashi wajomba, waajiri, wapenzi. Dada alimflashi mdogo wake kila wiki kutoka Doha ili ajue yuko hai, na vidole vyake havikujua kwamba leo simu si yake, kwamba mwenye simu amekubali, kwamba mtu upande wa pili angepokea baada ya sekunde moja zaidi.

"Piga tena," nikamwambia. "Haraka."

Akaanza kubonyeza. Lakini Madam alikuwa ametoka msikitini, akamwita, na kumwita kwa Madam kulikuwa na haraka kila mara. Dada akanirushia simu kama kaa la moto na kukimbia na chupa zake. Nilimrudishia yule Mpakistani. Nilimwambia, kama simu itaita na mwanamke akazungumza lugha isiyoeleweka, basi... Hapo niliishiwa. Basi afanye nini? Honi ya Baba ililia. Tukaondoka, na katika kioo nililiona lori likizidi kuwa dogo, na ndani yake simu moja ambayo mtu wa Kakamega, kwa hakika, alikuwa anatafuta mahali pa kukopa salio ili aipigie.

Barabara ile baada ya mji wa Adam ni mstari tu. Haina kona, haina mti, haina kilima, na dereva huanza kuona maji yasiyokuwapo. Watoto walimvuta dada mikono wakitaka hadithi, akawapa biskuti. Jioni bibi alichagua tena, akaokota mchanga, akaridhika. Palikuwa pazuri kweli, nami nilipachukia.

Alfajiri nilikuwa nakunja zulia langu dada aliponijia na glasi ya chai. Aliniambia kwamba ameamua. Atamwambia Madam. Akirudishwa nyumbani, arudishwe. Nilimkumbusha kwamba mkopo wa hospitali ulisimama juu ya kazi hiyo. Akasema anajua. Nikamwambia basi asubiri, leo tunafika. Akasema, "Na nikisubiri, halafu nikafika nikaambiwa tulishazika?" Tulisimama pale, mimi na zulia begani, mpaka bibi akaamka na kuanza kumtafuta kwa ajili ya maji ya udhu. Hakumwambia Madam. Asubuhi ilijaa kazi, na ujasiri wa mtu huhitaji nafasi.

Huko Haima, kijiji kilicho katikati ya ukiwa huo, tulisimama kujaza mafuta. Na lori la mabomba lilikuwapo. Dereva wake alikuwa ameendesha usiku sisi tukilala. Aliponiona alisimama, akaja moja kwa moja, na nilijua kabla hajafungua mdomo.

"Yule mwanamke amepiga," akasema.

"Amesema nini?"

Akafungua mikono yake miwili. Amesema mengi, mengi sana. Alimwambia haelewi, kwa Kiarabu, kwa Kiurdu, kwa Kipashto. Mwanamke akaendelea. Akapiga tena. Kisha yeye mwenyewe akampigia ili angalau amwambie kwamba mama hayupo hapo, na salio lake likaishia katikati.

"Alikuwa analia?" nikamwuliza. "Au anacheka?"

Mzee yule alifikiri kwa uaminifu kabisa. Alitazama chini, akajaribu kuisikia sauti tena. "Sijui lugha yenu," akasema mwishowe. "Alikuwa anasema kwa nguvu. Jina moja alilitaja mara nyingi."

Alilitamka kama alivyoweza. Nikamshukuru. Alitaka kwenda dukani kununua vocha, lakini Baba alikuwa ameshalipa na kuwasha gari.

Nilimweleza dada nikiwa naendesha, kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu anayezungumzia mafuta na tairi. Nilimwambia kwamba mdogo wake alipiga, alizungumza kwa nguvu, akataja jina. Lilikuwa jina la kaka yao. Nikaangalia kwenye kioo. Alikuwa amempakata mtoto wa mwisho wa Madam, aliyelala, na alikuwa akimpapasa kifua polepole, upande wa kushoto.

Jina la kaka halipigiwi kelele ila kuna msiba. Hilo alilifikiri yeye, na nililifikiri mimi, na tuliendesha na wazo hilo saa sita.

Ukungu ulitupokea milimani. Watoto walipiga kelele, Madam akafungua dirisha, Baba akazima kiyoyozi na kusoma dua. Tukateremka mjini huku vioo vimelowa, na kwa kuwa ardhi nayo ililowa, bibi alikubali mara moja kwamba safari hii tutafute paa. Majengo ya kupangisha yalikuwa yamejaa. La tatu au la nne lilikuwa la ghorofa mbili, na mapokezi yake yalikuwa meza, feni, na mzee wa Kiomani mwenye kofia ya kudarizi. Baba aliongea naye bei. Mimi nilikuwa naingiza mizigo, nikamwambia dada ashike lile begi jepesi.

Mzee akageuka. "Nyie watu wa bara?" akasema, kwa Kiswahili cha kumeremeta. "Karibuni, karibuni jamani. Mie nimezaliwa Unguja. Nimeletwa huku mdogo hivi."

Nilitaka kumwuliza mambo mia. Lakini dada alikuwa ameshaweka begi chini. Siku tatu alikaa bila mtu wa kumwomba, na sasa mtu wa kumwomba alikuwa anazungumza Kiswahili. Hakuona tena nani yuko chumbani.

"Mzee wangu, nipe simu," akasema. "Nakuomba kwa Mungu. Mwanangu yuko hospitali, amepasuliwa moyo, sijui kama yu hai. Nipe simu tu."

Mzee alisimama. "Lo, mwanangu. Tangu lini?"

Madam aliona machozi. Akamwuliza mzee, kwa Kiarabu, huyu ana nini. Nilimtikisia mzee kichwa, kwa nguvu, mara mbili. Hakuwa ananitazama mimi. Alijibu kama mtu yeyote mwema angejibu.

"Anasema mtoto wake yuko hospitali."

"Mtoto wake?" akasema Madam.

Baba aliziangalia funguo zilizokuwa juu ya meza. Dada alielewa neno hilo la Kiarabu na akaganda, mikono bado imenyooshwa. Nilikuwa na mabegi mawili mikononi na sikukumbuka kuyaweka chini.

Bibi ndiye aliyesogea. Alikuwa na simu yake mwenyewe kwenye mfuko mdogo shingoni, simu aliyoitumia kupokea tu, kamwe si kupiga. Akaitoa, akaiweka katika mikono ile iliyonyooshwa. "Kwanza apige," akamwambia mkwe wake. "Maneno mengine yatakuwapo."

Safari hii dada hakuikata. Mdogo wake alipokea kwa kilio, wakapigiana kelele kwa Kiluhya, na mimi nilikuwa nasoma uso tu. Uso ule ulifanya jambo ambalo sikulitarajia: ulikasirika. Mtoto alikuwa hai, akaniambia. Hawakumpasua kamwe. Walimwingiza, kisha wakamtoa, kwa sababu damu iliyohitajika haikutosha, na hospitali ilisema ndugu walete watu wa kutoa. Kaka yao alikuwa na damu ya aina hiyo na alikataa kata kata. Mdogo wake alikuwa amelieleza hilo lote kwa Mpakistani, mara mbili, akimsihi amwambie dada ampigie kaka, maana kaka hamsikii mwingine.

Dada akampigia kaka. Akamsihi, akamtukana, akamsihi tena. Mwishowe akanisukumia simu. "Ongea naye wewe," akasema. "Anasema wanawake tunaogopeshana."

Sauti ya kaka ilikuwa nzito na ya mtu aliyekula. Akaniuliza mimi nani. Nikasema dereva.

"Dereva wa nani?"

"Wa watu tunaowafanyia kazi."

"Wewe umeshawahi kutolewa damu?"

Nikasema bado.

"Basi unanihubiria nini?" Akacheka. "Njoo utoe wewe."

"Ningekuwa huko ningekuja," nikasema. "Siko huko. Dada yako hayuko huko. Tumesimama hapa na mabegi, hatuna la kufanya. Wewe tu ndiye uliye karibu."

Akaacha kucheka. Kisha akasema atakwenda asubuhi. Nilipowatafsiria, bibi alinishika mkono kabla sijakata. "Aape," akasema. Nikamwambia kaka kwamba kuna mama mzee hapa, wa Doha, anataka aape. Akauliza mama gani. Nikamwambia ni mama tu. Akaapa kwa kaburi la baba yao, kwa hasira, nami nikaikata simu.

Mzee wa Unguja alitugawia funguo: juu kwa familia, chini karibu na jenereta kwa ajili yangu. Dada alianza kukusanya mabegi kama aliyeamriwa. Madam alikuwa bado amesimama palepale. Hakumtazama dada. Aliniuliza mimi huyo mtoto ana miaka mingapi, na dada akajibu mwenyewe, kwa Kiarabu, kwamba ana sita. Madam alikuwa na binti wa miaka sita. Alimshika mkono binti huyo akaanza kupanda ngazi, akasimama katikati.

"Mwambie," akaniambia, ingawa dada alikuwa hatua mbili kutoka kwake na alielewa kila neno, "kesho, kabla hajachemsha chai, aje kwangu achukue simu. Hayo mengine tutayasema Doha."